Choo Chetu Kinasifiwa Mtaa Mzima, Ila Mie Siingii

(Msomaji huyu wa Kimara ametuomba jina lake lisitoke. Sisi tumeweka nukta na mkato tu, maneno ni yake.)

Wasomaji wenzangu, salamu. Mie ni mama wa watoto watano. Umri wangu walinikadiria siku waliponiandikisha kisomo cha watu wazima, wakaandika arobaini na mbili. Naishi na mume wangu, fundi seremala, pamoja na baba yake mzazi, mzee mwenye miguu mibovu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, leo siku ya tatu, mistari ikipinda mnisamehe. Hapa mtaani sina wa kumwambia, maana wote wanacheka.

Binti yangu wa pili yuko chuo, anasomea afya ya jamii. Mwaka wa mwisho wanapelekwa kwa wananchi miezi mitatu, wanakaa majumbani na kupita nyumba kwa nyumba wakifundisha na kuandika. Mwenzake alipangiwa mbali, huko kwenye mamba. Roho ikanipaa. Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi nikamlilia mpaka akakiandikia chuo kwamba na sie tunahitaji mwanafunzi. Wakamleta mwanangu. Nikachinja jogoo kwa furaha, kumbe najitafutia mwenyewe.

Kazi aliyopewa ni vyoo. Kila nyumba iwe na choo na kila mtu akitumie. Choo chetu ndicho kizuri kuliko vyote, mume wangu kakijenga kwa mbao za maana, kina komeo mlangoni na mfuniko wa shimo. Binti alikuwa analeta watu kukitazama kama wanatazama gari jipya.

Asilolijua ni kwamba mie sijawahi kukiingia. Kwetu tulikotoka, mke wa mtoto hakanyagi choo anachoingia baba mkwe. Nimefundwa hivyo unyagoni, na mama yangu kafundwa hivyo. Mzee alihamia kwetu binti akiwa shule ya bweni, na choo hiki kikajengwa baada ya hapo, ndiyo maana hakuliona hilo. Hata kuongea, mzee haongei nami uso kwa uso. Akitaka maji anauambia ukuta, "Jamani, humu ndani hamna maji?" nami nasikia. Basi mie huwa naenda kwa jirani, rafiki yangu, au alfajiri mikoroshoni.

Siku mkufunzi wake alipokuja kumkagua, mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi. Binti kasimama na daftari, anasoma vizuri, nami najivuna. "Nyumba zote kumi zina vyoo, na watu wote wanavitumia."

Jirani yangu huyohuyo akadakia toka nyuma, "Wote? Sasa mama yako kwangu kila siku anafuata nini, kaa la moto?"

Watu walicheka mpaka madawati yakatikisika. Mkufunzi hakucheka. "Ndugu mwanafunzi, ni kweli?"

Binti akanitazama. Nikainamisha kichwa. Akasema polepole, "Ndugu mkufunzi, nyumbani kwetu sikuuliza. Nilidhani najua."

Balozi akainuka kueleza mambo ya haya na ukwe, akitaka kusaidia, ndiyo kwanza akatuvua nguo. Mzee alikuwa kakaa mbele kabisa. Akashika bakora yake, akasema akitazama ubao, "Kuanzia leo choo kile ni cha mke wa mwanangu. Mie porini sikosi pa kwenda." Akatoka.

Na kweli hajaingia tena. Miguu ile, anachechemea mpaka mikoroshoni. Juzi mvua imenyesha akateleza, karudi goti limechubuka na tope mpaka kwenye kofia. Nami bado siwezi kukiingia, choo kimeshakuwa chake. Hebu fikirini, choo cha mfano, wakubwa wa nyumba watatu, anakiingia mume wangu tu!

Mkufunzi amesema atarudi mwisho wa mwezi. Akikuta kwetu bado hivi, binti atarudia mafunzo, na safari hii watampeleka wanakotaka wao. Mwanangu ananiambia, "Mama, nimewaweza wanawake wote wa mtaa huu, wewe tu ndiye umenishinda. Ingia mara moja, babu atazoea."

Nikamwambia, "Nikiingia mie, yeye harudi tena mle mpaka kufa. Unataka babu yako afie mikoroshoni?" Machozi yakamtoka. Na mie yangu yakanitoka.

Mume wangu nimemwomba choo cha pili. Kajibu, "Nyumba ya vyumba viwili iwe na vyoo viwili? Si watasema nimewehuka!" Akarudi kwenye randa yake.

Basi nimeanza kuchimba mwenyewe, nyuma ya jiko, mume wangu akiwa kazini. Mwanamke kuchimba choo mumewe yu hai ni kumwaibisha, najua. Wakiniuliza nasema shimo la taka, jioni nalifunika makuti. Limenifika kiunoni, mikono imetoka malengelenge hata kalamu inauma. Jana nilikuwa ndani nahema, nikamsikia mzee upande wa pili wa ukuta, anasema kama anaongea na kuku, "Udongo wa huko ni mgumu. Wangesogea kidogo, pale penye mpapai, wangekuta mchanga." Nilikaa mle shimoni nikalia.

Siku zimebaki kumi na moja. Binti huwafundisha watu kwamba shimo la choo linatakiwa limzidi mtu kimo mara mbili, halafu sakafu, halafu paa. Mwenyewe sifiki, na mume wangu siku yoyote atayainua makuti yale. Nikimwambia atakasirika, nisipomwambia atajua. Nishaurini wenzangu, hasa nyie mliokaa na wakwe: nifunge macho nikiingie kile kimoja, nimtangazie mume wangu nilichokifanya, au nihamie penye mpapai nianze upya?