Kisu Nilichokileta kutoka Sakai

Walisema sitaweza. Kihesa nzima, mtaa wetu wa Iringa, ilisema, na waliosema kwa sauti kubwa zaidi walikuwa wamekalia viti vya nyumbani kwetu. "Mwanamume wa Kihehe aende ng'ambo kujifunza kupika? Atarudi mwezi ujao." Sikurudi mwezi ujao. Nilisoma upishi Bombay nikapata diploma, nikapika melini mpaka Japani, ndipo nikarudi Iringa na suti niliyoilipia mwenyewe. Diploma hiyo umeiona ukutani, mwanangu. Nimeitundika mkabala na mlango ili asiwepo wa kusema hakuiona.

Lakini sikukuita leo kwa ajili ya diploma. Umeniambia unataka kununua kisu cha Kijapani kilichofuliwa kwa mkono, nami nimefurahi kuliko siku uliyofaulu mtihani. Basi kaa nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Siku niliyoshuka kwenye lori pale Kihesa, watu walizunguka sanduku langu. Vijana waliotoka migodini kusini walikuwa wakirudi na baiskeli, mablanketi na gramafoni. Mimi nikafungua kitambaa, nikatoa kisu.

"Miaka yote hiyo," akasema Shangazi Tulawona, dada mkubwa wa baba yangu, "umetuletea kisu?"

"Shangazi, hiki si kisu hivi hivi."

"Ni nini basi, ng'ombe?"

Walicheka mpaka mbwa wakabweka. Nami nikacheka, maana nilijua nilichokishika.

Nilikinunua Sakai, mji wa wahunzi karibu na Osaka, meli yetu ilipokuwa ikipakua shehena. Mhunzi alinipangia visu mezani, na mimi sikukimbilia kile kinachong'aa. Nilivishika kimoja kimoja, nikiuliza kiganja changu kama kinachoka. Nilikiinua kila kisu mbele ya jicho, mgongo juu, nikitazama kama ubapa umenyooka au umepinda. Nilikagua pale feleji, kile chuma kigumu cha ubapa, inapoingia kwenye mpini, kama pana mwanya wa kuingiza maji. Nikachagua ambacho makali yake yamenolewa ubavu wa kulia na wa kushoto, si ubavu mmoja tu, kwa sababu mimi ningekata kila kitu, nyama na kabichi. Mhunzi alitabasamu, akanifungia na jiwe la kunolea. Hatukuelewana hata neno moja, lakini nakuhakikishia alijua amepata mteja.

Nilikuwa nimekusudia kufungua hoteli ya chakula Mbalizi, kando ya barabara ya malori, nje kidogo ya Mbeya. Chumba nilipata. Vyombo sikuwa navyo. Bwana Karmali wa dukani akaniazima sufuria zake mbili za pilau, zile za harusi. Akina mama wa Kisafwa waliokuwa jirani wakaniletea vyungu, na wazee wa kanisa wakanipa mabenchi. Aliyebaki kushawishiwa ni mtu mmoja tu, dereva aitwaye Ambokile, Mnyakyusa mnene mwenye sauti ya honi. Aliposimamisha lori lake, madereva wengine wote walisimamisha.

"Bwana Diploma," akaniambia, "Jumamosi mchana nakuja na wenzangu. Ukitulisha vizuri, safari zote za Tunduma tutakula kwako. Ukitulisha vibaya, tunarudi kwa yule mama wa Mbeya mjini, nawe utawarudishia watu vyombo vyao mapema."

Basi unaona, mwanangu, hoteli yangu yote ilikuwa ikining'inia kwenye mlo mmoja.

Shangazi alikuja kutoka Iringa kunisaidia, au kunichungulia, sijui. Ijumaa jioni alikiona kisu kikiwa na ile rangi yake ya buluu iliyokolea, nyeusi kidogo, kama shingo ya njiwa. Ile rangi inaletwa na kazi. Feleji ya kaboni ikikata vitunguu na nyama, inajivika ngozi, na ngozi hiyo ndiyo inayoizuia kutu. Kwetu lakini unajua mwanamke anavyopimwa: sufuria yake isipong'aa, majirani wanaanza kumsema. Alfajiri, kwa upendo wote, Shangazi alichukua majivu na mchanga akakisugua kisu changu mpaka ukaweza kujitazama usoni. Kisha akakianika kwenye kichanja cha vyombo, kikiwa kimelowa, katika ukungu wa Mbalizi.

Nilipokwenda kukichukua kilikuwa kimeota kutu ya rangi ya chungwa.

"Nilikuacha ukiwa mweupe!" Shangazi akakilalamikia kisu, si mimi. "Chombo gani hiki kisichotaka kuogeshwa?"

"Kinataka kuogeshwa, Shangazi. Kisichotaka ni kulala na maji."

"Kama mtoto, basi."

"Kama mtoto kabisa."

Sikukasirika. Ningekasirikaje, naye alikuwa ameamka kabla ya jogoo kwa ajili yangu? Nilichekecha majivu mpaka yakawa laini kama poda, nikakata kiazi, nikakichovya, nikasugua taratibu kutu ikaondoka. Nikalilowesha jiwe la Sakai. Nikakilaza kisu karibu kabisa na jiwe, nikakipeleka na kukirudisha, upande huu na upande ule, mpaka sauti yake ikabadilika ikawa nyororo. Nikakausha. Kisha nikampa Shangazi kisu, kibao cha mti laini na kapu zima la vitunguu.

"Mimi? Vitunguu vyote hivi? Unataka nilie mbele ya wageni?"

"Kata kwanza."

Akakata. Akina Ambokile walipoingia walimkuta amemaliza nusu ya kapu, macho makavu, anaimba. Kisu butu hukiponda kitunguu, nacho kinakurushia maji yake machoni. Kikali hupita tu.

Ambokile akasimama. "Mama, hicho kitunguu hakina ukali?"

"Kinao. Njoo unuse." Naye Ambokile akainama, akanusa, akarudi nyuma akipangusa macho, madereva wenzake wakavunjika mbavu. Shangazi akainua kisu. "Hiki ametoka nacho mwanangu Japani," akasema. "Ana diploma."

Walikula pilau, wakala kachumbari yenye nyanya nyembamba ya kupitisha mwanga, wakaomba tena. Jumatatu malori yalipangana mpaka dukani kwa Bwana Karmali.

Basi nisikilize. Usinunue kisu kwa macho, kinunue kwa kiganja. Usikate nacho mfupa, wala usikatie juu ya sahani ya bati au jiwe. Ukimaliza, kioshe, kikaushe papo hapo, na kama hutakitumia kesho, kipake mafuta kidogo. Kinoe kabla hakijakuomba. Rangi yake ikikolea usione haya, usiisugue ili kuwafurahisha majirani. Hiyo ni kazi yako inaonekana. Na anayekuja kukusaidia umweleze tabia ya chombo chako mapema, kwa heshima.

Miezi ilipita, nikanunua vyombo vyangu. Siku ya kurudisha vya watu, nilipika tangu asubuhi. Unajua kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Sufuria za Bwana Karmali zilirudi na pilau, kila chungu kikarudi na mchuzi wake wa nyama, na mabenchi tuliyabeba kanisani na sinia la maandazi juu yake. Shangazi alitangulia mbele kama bibi harusi, akiita kila mlango kwa salamu yetu ya Kihehe, "Kamwene! Mwanangu amerudisha!" Tulipotoka mlango wa mwisho alikuwa analia, yeye ambaye kapu zima la vitunguu lilishindwa kumliza.

Mungu akupe mkono mwepesi, mwanangu, na makali yasiyochoka, na siku moja utembee mlango kwa mlango ukiwa umebeba vyombo vya watu, vyote vimejaa.