Kopo la Mwisho la Filamu ya Mjane

Zamani taa zikizimwa watu walinyamaza wakatazama, leo taa zikizimwa kila mtu anawasha simu yake.

Hayo Mzee Mikanda aliyasema kila alipopata sikio la kumsikiliza, na alipolikosa aliiambia cherehani. Alikuwa fundi wa suti, tena fundi hasa, enzi ambayo mtu alishonewa suti badala ya kuiokota dukani imening'inia kama popo. Lakini mtaa haukumjua kwa suti. Ulimjua kwa chumba chake cha nyuma, ambako makopo ya filamu za kale yalipanda toka sakafuni hadi darini, vifuniko vyote vimetobolewa kwa msumari ili mikanda ipate hewa.

"Mkanda ni kama mtu," alisema. "Uzibe pumzi uone kama hautaoza."

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alimcheka. Huyo alikuwa mwendesha mashine wa jumba la sinema la mtaani, na hakuona cha kufundishwa na mshona suruali. Yeye makopo yake aliyafunga kwa utepe wa gundi, juu akaviringisha nailoni, vumbi lisipate hata mlango wa kubisha.

Jumba lile lilipofungwa na kugeuzwa ghala la saruji, wawili hawa waligawana mikanda iliyokuwa inatupwa. Katika haraka ile filamu moja ikapasuka pande mbili: ile ya mjane mwenye duka la mikate na mpiga tarumbeta anayempenda. Makopo ya mwanzo yalikwenda kwa fundi, la mwisho kwa shemeji. Wangekuwa watu wa kawaida, mmoja angempa mwenzake yakaisha. Lakini mkusanyaji hana ndugu. Huyu alisema, "Nipe hilo moja." Yule akasema, "Nipe hayo yako." Wakaozesha watoto, wakazika wazazi, wakala sahani moja, na kwa fundi mjane akabaki anamfungia mpiga tarumbeta mlango usoni, kwa sababu hapo ndipo makopo yake yalipoishia.

"Nyinyi fahali wawili," mkewe alikuwa akiwaambia, "na nyasi ni yule mwanamke wa watu."

Jumapili moja asubuhi shemeji alikuja na kopo kwapani. Hakusalimu. Alilifungua mezani, juu ya kitambaa cha suti ya mtu.

"Nusa, shemeji."

Fundi aliinama, akarudi nyuma. Siki. Harufu hiyo kila mkusanyaji anaijua na kuiogopa: mkanda umeanza kuchachuka kwa mvuke wake wenyewe, unasinyaa, na matundu ya pembeni hayalingani tena na meno ya mashine. Baada ya hapo ni makombo.

"Nilifunga vizuri mno," shemeji alisema.

"Hukufunga. Ulizika."

"Haya, nicheke. Siku yako imefika."

Fundi alikifungulia mdomo kile kicheko alichokiweka akiba miaka yote, kikakataa kutoka. "Utapita kwenye mashine?" aliuliza.

"Mara moja, labda. Mara ya pili usahau. Au tuufunike, tubaki nao."

"Tubaki nao tuunuse? Filamu ni ya kutazamwa, bwana. Washa mashine."

Wakaitoa chumba cha nyuma mashine kuukuu ya sinema ya fundi, wakaziba madirisha kwa vitambaa vya suti, wakatundika shuka. Mke wa fundi alivuta kiti, binti yao aliyekuja kuwasalimia akakaa mkekani na kuinua simu.

"Baba, ngoja nirekodi, hata kesho utatazama."

"Weka chini. Kesho nitakuwa natazama simu yako. Leo namtazama mjane."

Binti alibinua midomo, akaiweka chini.

Makopo ya mwanzo yalikwenda laini kama uzi kwenye sindano. Mjane akafunga mlango. Shemeji akavalisha mkanda wake kwenye mashine kwa vidole vya mtu anayemvua mtoto bandeji ya kidonda. Mashine ikakohoa. Picha ikatetemeka, ikaruka, ikashika njia. Halafu ta! Mkanda ukakatika. Fundi akaleta mkasi wake wa suti, ule ambao mkewe mwenyewe haruhusiwi kuushika, akanyoosha ncha. Shemeji akaziunga.

"Tumemkatia mwanamke hatua mbili," alisema.

"Atafika tu. Twende."

Kwenye shuka mjane alifungua mlango. Mpiga tarumbeta alikuwa pale pale kizingitini, amelowa mvua. Mjane hakumkumbatia. Alimpokonya tarumbeta, akaipindua, akamwaga maji yaliyojaa ndani, na yule bwana akaanza kucheka.

"Kumbe alimfungulia!" mke wa fundi alimaka. "Mimi nisingemfungulia."

"Wewe mbona ulinifungulia?" mumewe akamjibu, macho hayatoki kwenye shuka.

Nyuma ya mashine mkanda ulikuwa unashuka sakafuni vipande vipande, kama maganda ya karanga. Shemeji akanyoosha mkono kuizima. Fundi akaushika.

"Acha wamalize."

Mjane akatangulia kuingia. Mpiga tarumbeta akajifuta viatu, akamfuata, akaurudisha mlango bila kuufunga. Na hapo ndipo fundi alipowaona mara ya mwisho.