Swali Nililokwenda Nalo Maktaba

Mpwa wangu alifia mikononi mwangu msimu wa mavuno, na kwenye buku la zahanati niliandika kwamba mama yake hakummalizia dozi. Mama yake ni dada yangu wa tumbo moja.

Niliandika hivyo kwa sababu nilikuwa na hakika. Nilikuwa tabibu wa zahanati kijijini Mbuchi, na kila mavuno mambo yalikuwa yale yale. Wanawake wanahamia mashambani, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti wanakolindia mpunga. Watoto wanapata homa, nawapa vidonge vya malaria, klorokwini ya siku tatu, na baada ya wiki mbili wanarudi na homa ile ile. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, vidonge vinauzwa hata duka la sabuni, lakini vyangu vilikuja kwenye maboksi ya serikali, navyo niliviamini. Basi nikaona wenye kosa ni akina mama. Mimi nina hasira za karibu. Nilikuwa nawafokea mbele ya benchi zima. Dada yangu aliporudi mara ya pili na binti yake wa miaka mitatu, nilimfokea kuliko wote, watu wasije wakasema napendelea ndugu.

“Nimempa zote, kaka,” alisema. “Nasaga, natia sukari, nampakata mpaka ameze.”

Nikamwambia asinidanganye, nikampa klorokwini ile ile. Kwinini, iliyo kali zaidi, ilikuwamo kabatini, nimeitunza kwa watakaoletwa mahututi. Siku ya nne alimleta mtoto kwa mtumbwi, ameshikwa na degedege. Nikaitoa ile kwinini. Alasiri haikumkuta.

Miezi michache baadaye nilipelekwa Dar es Salaam kwenye kozi ya wiki sita. Kila mmoja wetu alitakiwa kuandika kazi moja kwa kutumia makala za utafiti. Nilichagua akina mama wasiomaliza dozi. Nakiri kwamba nilitaka wataalamu wanisaidie kumlaumu dada yangu, maana peke yangu nilikuwa nimeanza kuchoka.

Maktaba ya chuo ilikuwa na kompyuta moja ya kutafutia makala, iliyosoma orodha kutoka kwenye diski, na mkutubi mmoja, mama wa makamo asiyecheka ovyo. Alinifundisha kulivunja swali vipande: mgonjwa nani, ugonjwa gani, dawa gani, wapi. Kila kipande kadi yake, na kwenye kadi niandike majina yote ya kitu hicho, maana mwandishi mmoja anasema malaria, mwingine anataja vimelea vyake kwa Kilatini. Kisha niiulize kompyuta vipande viwili viwili, na majibu yakizidi niongeze cha tatu. Nikipata makala nzuri, nifuate zile zilizotajwa mwishoni mwake. Na nisome makala nzima, si muhtasari peke yake.

Nilijaza kadi kwa mwandiko wangu bora. Makala za akina mama wazembe zikaja tele, nami nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Mkutubi akazipanga kadi zangu mezani, akaitoa moja, ile ya akina mama.

“Hii umeshaijibu kabla hujauliza,” alisema. “Iweke pembeni. Uliza dawa na vimelea tu, uone.”

Nilikereka. Nilimjibu kwamba yeye hajapata kukaa Mbuchi hata siku moja. Alinionyesha kiti tu. Nikauliza dawa na vimelea. Zikaja makala nyingine, nyingi, na baadhi ni za pande zetu hizi hizi: klorokwini ilikuwa inashindwa. Mtoto anameza dozi yote mbele ya muuguzi, homa inashuka, kisha inarudi. Zilikuwamo kwenye diski ile ile tangu mwanzo. Nilitoka nje nikalia nyuma ya maktaba, mtu mzima na ndevu zangu.

Wiki iliyofuata nilizisoma zote nzima, pamoja na zile za akina mama wazembe. Baadhi ya waandishi walieleza walikozipata habari zao: kwenye mabuku ya zahanati, yaliyojazwa na watu kama mimi.

Niliporudi, nilimkuta dada uani anapepeta mchele. Nilimsomea nakala za makala zile, nikizitafsiri kwa Kiswahili, nikamwomba radhi. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

“Si ndiyo niliyokwambia?” alisema. Kisha akauliza, “Na kwenye lile buku lako, uliniandikaje?”

Nikamwambia.

“Kafute.”

Nilikwenda zahanati, nikaukata ule mstari kwa kalamu nyekundu, nikaandika kwamba mama alimpa mtoto dawa yote. Lakini taarifa za msimu ule nilikwisha kuzipeleka wilayani kabla ya kozi, na huko dada yangu bado amehesabiwa kati ya akina mama wasiomaliza dozi.