Cache ya Kibondo nusura ivunje harusi yangu

Wakuu, heshima kwenu. Naishi Kasulu, kazi yangu ni kuandika code. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa.

Kuna ushirika wa wafugaji niliutengenezea mfumo wa kusajili ng'ombe. Kila ng'ombe ana namba ya hereni na jina la mmiliki. Database ipo Kasulu, ila server ziko mbili: moja Kasulu, nyingine Kibondo.

Mtandao wa huku mvua ikinyesha unalala. Kwa hiyo kwenye ORM, ile tool inayosoma database kwa niaba ya code yangu, niliwasha cache. Server ikishamsoma ng'ombe pamoja na mmiliki wake, inawakumbuka, haisumbui database tena. Kasi balaa. Nikajiona fundi.

Basi nikapata mchumba, binti wa Kitahana, kule Kibondo. Baba yangu, anayeishi Heru Juu, akatoa mahari, na ndani yake yumo Bihogo, ng'ombe mwekundu ambaye mama alimlilia siku anaondoka.

Mimi nikiwa Kasulu nikabadilisha mmiliki kwenye mfumo, kutoka baba kwenda baba mkwe. Safi kabisa.

Wiki ya harusi baba mkwe akampeleka Bihogo kwenye chanjo. Karani wa Kibondo akaingiza namba ya hereni. Kompyuta ikasema ng'ombe ni wa mzee wa Heru Juu!

Simu ikaita.

"Yewe mkwe, mahari mmetoa au mmeniazima? Hakuna harusi mpaka huyu ng'ombe awe wangu."

Mchumba wangu nilimsikia nyuma yake anacheka tu.

Kumbe karani wa Kibondo alishawahi kufungua ng'ombe wote na wamiliki wote, hivyo server yake ilimsoma Bihogo kabla hajahama. Nilipobadilisha Kasulu, hakuna aliyeiambia Kibondo. Ikaendelea kukumbuka ya zamani bila wasiwasi wowote.

Nikapanda gari hadi Kibondo. Mbele ya mzee nikamfuta Bihogo kwenye cache, tukamfungua upya. Mmiliki: baba mkwe. Mzee akatabasamu.

"Sasa fungua jina langu."

Nikafungua. Ng'ombe: hakuna.

Kumbe ORM inamtunza ng'ombe kivyake, na orodha ya ng'ombe wa kila mtu kivyake. Nilikuwa nimefuta kimoja, kingine kimebaki. Nikafuta cache yote. Bihogo akatokea, na mzee akasoma namba ya hereni yake kwa sauti ili karani naye asikie.

Somo nililopata: ukiwa na server zaidi ya moja, usiishie kubadilisha database. Zitangazie server zote, na ufute kitu pamoja na orodha zinazokibeba. Siku hizi Kasulu ikibadilisha chochote inatuma taarifa Kibondo.

Harusi ilifungwa, namshukuru Mungu. Baba mkwe alipopewa nafasi ya kuongea alisema sentensi moja:

"Mkwe, binti yangu leo anahama. Hakikisha na Kibondo wamepata habari."

Ukumbi mzima ulicheka, mimi nikacheka hadi machozi.

Nyie cache zenu zinaambizana vipi? Nipeni mbinu, maana mdogo wangu naye kaanza habari za kuoa.