Saini ya Maribeth

Kila mwaka mwezi wa nne, saa ya chakula cha jioni, chuo cha Tolliver kilimpigia simu Maribeth Osterhaus kumwomba mchango. Kilikuwa na ujanja wake: kilimtuma mwanafunzi mwenye sauti tamu. Na kila mwaka Maribeth alikata simu kabla sauti tamu haijamaliza kujitambulisha. Utawachangiaje watu ambao masomo yao bado unayalipia?

Alisoma falsafa pale, akahitimu miaka ishirini na minne iliyopita na mkopo wa dola elfu thelathini na moja. Ameshalipa zaidi ya hizo, riba imekula ikashiba, na bado zimebaki elfu kumi na moja. Kazi yake ni kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno, katika mji wao mdogo jimboni Iowa, Marekani. Mwenzake wa dawati moja sekondari, aliyekwenda kujifunza ufundi bomba, sasa ana nyumba mbili na mashua. Maribeth hamwonei wivu, ila ile mashua inamkera, nisiseme uongo.

Mwaka huu mambo yalikuwa mazito zaidi. Binti yake wa pekee, Corinne, alikuwa amekubaliwa Tolliver asome historia. Chuo kilimpunguzia ada, lakini pengo lililobaki lilihitaji mkopo wa benki, na benki haimkopeshi msichana wa miaka kumi na minane bila mtu mzima kutia saini pamoja naye. Jibu lilitakiwa kabla ya tarehe mosi Mei. Karatasi ilikaa mezani wiki nzima, kati ya chumvi na chupa ya sosi ya nyanya. Kwa upande mwingine kulikuwa na chuo cha wilaya: miaka miwili ya uhasibu, unalala kwenu, unatoka huna deni. Maribeth alipiga hesabu mara tatu, mhitimu wa historia anaanza na mshahara gani, marejesho ya mwezi ni kiasi gani. Mara zote tatu hesabu ilikataa. Akaamua hasaini.

"Nitakwambia tukishakula," alimwambia Corinne jioni ile.

"Uso wako umeshaniambia, Mama."

Simu ikalia. Corinne akaiwahi, akasikiliza, akamkabidhi mama yake kwa makusudi kabisa. "Ni Tolliver. Leo ongea nao."

"Shikamoo mama, naitwa Dashiell, niko mwaka wa tatu hapa..."

"Unasoma nini?" Maribeth akamkatiza.

"Falsafa."

"Pole sana, mwanangu."

Kijana akacheka, kisha akarudi kwenye maswali aliyoandikiwa. "Unakumbuka nini zaidi kuhusu siku zako hapa?"

Maribeth alifungua kinywa amwambie anakumbuka marejesho ya kila tarehe kumi na tano. Badala yake zikatoka zile jioni za Alhamisi. Ikatoka sebule ya Profesa Vandeveer, viatu vyenye theluji vimerundikana mlangoni, wanafunzi wanane wamekaa sakafuni na mabakuli ya supu ya dengu. Jioni moja walibishana kama mtu aliyekwisha kufa anaweza kudhulumiwa. Supu ikapoa. Ubishi ukahamia barabarani, na Maribeth alifika bwenini ndipo akagundua kwamba mguu mmoja kavaa kiatu cha mtu mwingine. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na watu saba walikuwa wakisubiri kusikia atasema nini. Tangu siku zile hakuna aliyemsubiri namna hiyo. Kwa daktari wa meno watu humsubiri awaite majina tu. Jamani, alizikumbuka siku zile hadi akasahau chakula mezani.

Alipoweka simu chini viazi vilikuwa vimepoa, naye alikuwa ameahidi dola ishirini.

"Mama! Deni la chuo hujamaliza, na bado unawachangia?"

"Nyamaza, kula."

"Hujawahi kunisimulia hayo. Miaka yote ni marejesho, marejesho. Ilistahili au haikustahili?"

"Kwa hesabu, haikustahili."

"Sijakuuliza hesabu."

Maribeth akaitazama karatasi. "Ilistahili," akasema. "Mungu anisamehe, ilistahili." Akachukua kalamu akasaini upesi, kabla akili haijamrudia. Wakakumbatiana, wakalia, wakala viazi baridi.

Siku tatu baadaye benki ikajibu. Corinne ndiye aliyesoma, mama yake amesimama bado na koti la kazini. Benki ilishukuru, ikasikitika: saini ya Bi Osterhaus haikubaliki. Mshahara ni mdogo, mtia saini mwenyewe ana deni la masomo ambalo halijaisha, na kuna mwaka alichelewesha malipo mara tatu.

"Mwaka ule wewe ulilazwa na nimonia," Maribeth alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejitetea mahakamani. "Nilichagua kulipa hospitali."

Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwomba saini. Wote wawili walijua kuwa umebaki uhasibu. Corinne aliikunja barua, akaja akamfungua mama yake vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Basi angalau si wewe uliyenikatalia, Mama," akasema.