Gunia Juu ya Kiti cha Ngozi

Mpaka leo nikiona gari kubwa jeusi linapita kwa maringo Barabara ya Pugu, damu inanichemka. Miaka ile ya hamsini, Mwingereza akitutawala, nilikuwa dereva wa mzungu mmoja, meneja wa shamba la mkonge. Kila wiki nilimpeleka shambani kupitia Gongo la Mboto na kuupanda mlima wa Pugu, na kila masika gari lake la zamani lilikwama kwenye tope. Yeye alihamia kwenye usukani, mimi nikashuka kusukuma. Kiuno changu kiliharibika. Nyumbani kwetu Temeke mke wangu alinikanda kwa mafuta ya nazi huku akiwatukana wazungu wote kwa jumla.

Basi bwana akaamua kununua gari jipya, na wenye duka wakampa mawili ayajaribu. Moja lilikuwa la silinda nane, injini ina nguvu za nyati, ila springi zake ngumu. La pili silinda sita, viti vya ngozi unavyozama ndani yake kama godoro la bibi harusi.

"Wewe unajua injini," akaniambia. "Utanishauri."

Miaka saba namwendesha, na siku ile ndiyo ya kwanza kuniuliza kitu. Mke wangu aliposikia akaacha kupepeta mchele.

"Safari hii kisemee kiuno chako, baba watoto. Mie nimechoka kukanda."

Tukaupanda mlima kwa magari yote mawili, mimi kwenye usukani, yeye nyuma. La silinda nane lilipanda kwa gia kubwa bila kukohoa. La silinda sita nililirudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, nikalisikia linavyohema chini ya mguu wangu. Bwana hakusikia kitu. Alikuwa amesinzia.

Tuliporudi ofisini akasema gari hili la viti laini limempendeza, lakini anataka kujua kama litamtikisa mkewe, mwenye mgongo mbaya. Yeye mwenyewe mnene, hawezi kujua. Mkewe mwembamba kama mimi. Kwa hiyo ataendesha yeye, mimi nikae nyuma nimwambie.

Nikafungua mlango.

"Ngoja," akasema. Akaenda kwenye gari la zamani, akatoa gunia la mkonge, akalitandika juu ya kiti na kulinyoosha taratibu kwa mikono miwili. "Sasa kaa."

Nilikuwa nimeoga! Sare yangu nyeupe ilipigwa pasi alfajiri ile ile. Usukani niliushika asubuhi nzima na hakuutandikia kitu. Nikakaa juu ya lile gunia, nyuzi zinanichoma mapaja, naye anaendesha huku akiuliza kwa furaha, "Laini?" Nitajuaje?

"Laini sana, bwana."

"Na injini? Nichukue lipi?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini kwa hasira nikajisemea moyoni: chukua hili hili, likuaibishe mlimani pamoja na ulaini wake.

"Hili linatosha, bwana. Nguvu ipo."

Akalinunua. Wala msiniambie hasira hasara, methali hiyo naijua kuliko nyinyi.

Masika ya kwanza tu, magurudumu yakazama katikati ya mlima. Bwana akahamia kwenye usukani, akafunga kioo mvua isimlowanishe. Mimi nikashuka, tope magotini, na hapo ndipo akili iliponirudia: katika kumkomoa kwangu kote, nilimsahau anayesukuma. Akateremsha kioo kidogo.

"Si ulisema nguvu ipo?"

Nilimchukia, na mwenyewe nikajichukia zaidi. Nikasukuma.

Nilifika nyumbani nimejikunja kama kikongwe. Mke wangu akanitazama tangu mlangoni mpaka kitandani.

"Kwani hukumwambia?"

"Nilimwambia," nikasema. "Hakunisikiliza."

Akaniamini, akamlaani bwana yule mpaka sauti ikamkauka.