Landrova ya Wazazi Imepakwa Milia

Kilichonitoa nyumbani ni picha. Mpwa wangu alitembelea makumbusho ya magari adimu, nje kidogo ya Same, akanitumia kwenye simu picha ya Landrova ya zamani. Niliikuza, nikaona ubavu uliobonyea, nikaijua. Ndiyo iliyokuwa ikibeba wagonjwa wa zahanati yetu ya Mamba, juu milimani, nilikofanya kazi ya ukunga hadi nikastaafu. Nikampigia Elifuraha, dereva wake wa miaka yote hiyo.

"Kaka, gari lako lipo. Twende tukalione."

Saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta stendi, kavaa koti la kanisani. Noah ya abiria ikatuteremsha mlimani, ukungu tukauacha juu kwenye mashamba ya tangawizi. Kila kona alikuwa na habari yake: hapa wanakwaya walitusukuma kwenye tope, pale nilizalisha mapacha yeye akinimulikia tochi. Alicheka njia nzima.

Kijiji cha Kisiwani, chini ya mlima, joto lilitupokea, na saa nne tulikuwa Same.

Makumbusho yenyewe ni banda kubwa, sakafu inang'aa. Msimamizi, baba wa makamo aliyevaa kofia ya wawindaji, alituamkia vizuri akatuzungusha. Sikatai, magari mengine yalinipendeza, hasa moja jeusi lenye taa kubwa kama sufuria. Kisha tukafika kwa letu.

Wamelipaka milia ya pundamilia! Kwenye boneti wamefunga pembe za nyati, na kibao kinasema: "Gari la mwindaji wa Kizungu."

"Gari hili halijawinda hata kanga," nilimwambia msimamizi. "Lilibeba wajawazito."

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa."

"Kaandika nani?"

"Mwenye mali. Anasema wageni hawaji kupiga picha na gari la wagonjwa."

Zahanati ilipopata gari jipya, mwenye mali huyohuyo alikuja kuliomba hili la zamani, akakaa barazani kwetu, akanywa chai yetu, akaahidi kuandika historia ya gari kama ilivyo. Elifuraha alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

Sasa Elifuraha alikuwa amesimama nyuma ya gari, anachungulia ndani. Kuna ndoano aliyoichomelea mwenyewe ya kutundikia chupa ya dripu. Wametundika hapo bunduki ya mbao. Nikaruka kamba ya kuzuia wageni, nikapanda, nikaishusha ile bunduki.

"Mama, nitafukuzwa kazi!"

"Mwambie kaishusha mkunga. Namba yangu hii, anipigie."

Saa saba, tukiwa hotelini tunakula wali, mwenye mali alipiga.

"Mama, hiyo ni biashara. Gari ni langu."

"Gari ni lako. Na uongo huo nao ni wako?"

Akakata simu.

Alasiri tulipanda kurudi Mamba. Tulianza kukata kona za mlima, Elifuraha akitazama nje.

"Ningejua, ningeliacha lioze uani kwangu," alisema. "Kuku wangetagia humo."

Nimejifunza kwamba tulikosea. Tulitoa gari na habari zake kwa ahadi ya mdomo, bila karatasi, tukaamini. Kibao kile bado kipo. Basi ukipita Same ukaiona Landrova ya milia, usikisome. Aliyeiendesha ni Elifuraha wa Mamba, na hakuwahi kumwacha mzazi njiani.